Mbonyeo wa Bi Marlene

Nimestaafu tangu mwaka 2020. Magoti yangu hayakubali tena kuingia chini ya gari, na kutoka huko ndiko kugumu zaidi, kwa hiyo nimebaki na mdomo. Désiré, ambaye siku hizi ndiye mkubwa wa kunyoosha bodi pale karakanani, ameniomba niuweke mdomo huo kwenye karatasi ili vijana wapya wasome. Anasema akiwasimulia yeye hawacheki. Basi nimekubali. Someni, mcheke, halafu mrudi kazini.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kazi ya kunyoosha bodi niliisomea hukohuko, kwa Fundi Mbwana, mtu wa maneno machache na makofi mengi. Tulinyoosha teksi, pikapu za kubebea mboga na gari za maofisa waliorudi nyumbani wakiwa hawakumbuki wamegonga nini. Fundi Mbwana alikuwa na desturi moja iliyonishika mpaka leo: gari la mteja halikurudi kwake bila nyongeza. Mteja ameleta mlango, mnyooshee mlango, halafu bila kuambiwa mkazie kitasa cha buti kinacholegea, au mwinulie bampa lililoinama. Humwambii. Unamwacha agundue mwenyewe akifika kwake, akuombee dua. Muuza mchicha huongeza kishada, sisi tuliongeza nyundo. Nimewaeleza hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nilipohamia Dallas niliendesha basi dogo la kupeleka abiria uwanja wa ndege kwa miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Nyundo ya Fundi Mbwana, yenye mpini wa mninga, ilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda. Mwaka 2017 nikasikia kwamba karakana moja karibu na Richardson, inayotengeneza magari ya zamani ya Kimarekani, inatafuta mtu wa bodi. Nikaenda na nyundo yangu. Tajiri mwenye karakana, Mteksasi mnene asiyevua miwani ya jua hata ndani ya ofisi, aliigeuzageuza nyundo ile, akaniuliza ina umri gani. Nikamwambia imenizidi mimi. Akaniajiri hapohapo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mtu yule angeajiri chochote ilimradi ni cha zamani.

Siku ya kwanza nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi na Mama Rukia, mke wangu, pasi ya kunyooka mistari. Tajiri akaniambia nitoe nje gari liitwalo Charger, la milango miwili, la mwaka 1968, lililokuwa ndani. Lupe, Mmeksiko aliyekuwa mkubwa wa idara ya bodi, akasema, "Subiri nisimame nyuma." Nikamwambia nimeendesha basi uwanja wa ndege, sihitaji mtu wa kunisimamia. Nikaingia, nikatia rivasi, nikageuza shingo. Mtu ambaye hajakaa ndani ya gari hizo hajui. Paa lake linateremka mpaka karibu na mkia, na zile pembe zake za nyuma ni nene kama ukuta. Niligeuka nikaona kitambaa cha dari tu. Nikarudi nyuma kwa imani. Pipa la oili chafu likapinduka, na nilipokimbia kulisimamisha nikateleza, nikakaa katikati ya dimbwi na ovaroli yangu ya pasi.

Lupe alikuja taratibu akaniangalia. "Sasa umebatizwa," akasema. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema oili haibagui. Kisha akanipa kanuni yake ya kwanza: hakuna anayerudisha gari hizi nyuma bila mtu wa kusimama nyuma, hata yeye Lupe, hata tajiri. Gari lenyewe halikupata hata mkwaruzo. Hapo ndipo nilipoanza kuliheshimu bati la zamani.

Nakiri kwamba mwanzoni niliamini Wamarekani wamerukwa na akili. Gari zenyewe ni injini kubwa iliyotiwa ndani ya bodi ya kawaida. Zinakunywa petroli bila haya, zinasimama pale zinapojisikia, na kiangazi cha Texas ukikaa ndani unaiva. Zamani zilikuwa zikiuzwa kwa vijana wa mishahara ya kawaida ili washindane kwenye taa za barabarani. Baadaye petroli ikapanda, vijana wakaoa, gari zikaozea nyuma ya nyumba. Kisha vijana walewale wakazeeka, wakapata pesa, wakautaka ujana wao urudi. Hapo ndipo bei ilipoanza kupaa. Gari lililokuwa likiuzwa kama chuma chakavu likafika bei ya nyumba, na kila mwaka niliokuwa pale walisema sasa imefika mwisho, na kila mwaka haikufika.

Lupe alinifundisha kinachoipandisha. Kwanza uchache, yaani zilitoka ngapi za aina ile na zimebaki ngapi. Pili injini, namba zake zikubaliane na za bodi, maana iliyobadilishwa injini ni gari tu, haina ukoo. Tatu historia, nani alinunua na imepitia kwa nani. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba isiwe imeguswa na mtu kama mimi. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imepauka na kufanya nyufa, wenye pesa zao wanaipenda kuliko rangi mpya inayong'aa. Fikirieni fundi aliyeishi kwa kufuta alama za ajali akiambiwa alama ndizo mali. Wiki ya kwanza nilikuta mstari wa chaki ya manjano ndani ya chumba cha injini, nikatia petroli kwenye kitambaa nipanguse. Lupe alinidaka kifundo cha mkono.

"Hiyo aliiandika mtu wa kiwandani alipomaliza kukagua," akasema. "Huenda ameshakufa. Na wewe unataka kumfuta kwa kitambaa?"

Nilimcheka moyoni. Nikasema huyu mzee anaombolezea chaki.

Zana za kazi ile ni chache na msizidharau. Nyundo, na kipande cha chuma cha kushikilia upande wa pili wa bati, tunachokiita doli. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ya kupitisha juu ya bodi: pale inapoacha kushika, chini yake kuna puti, ule udongo wa kujazia mabonde, na mwenye gari amekudanganya au yeye mwenyewe amedanganywa. Na kiganja. Lupe alinifundisha kufumba macho na kupitisha kiganja cha kushoto polepole, bila kukandamiza, kwa sababu jicho hupenda kuona linachotaka na kiganja hakina upendeleo. Kwenye kiganja nilimshinda hata mwalimu. Hilo nalisema bila kutia chumvi, na kama nimetia ni kidogo.

Mwaka 2018 Désiré akajiunga nasi, kuendesha lori la kubebea magari, kabla hajajifunza bodi. Ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, Mkatoliki wa kwaya, anayeimba hata akiwa chini ya gari. Safari yetu kubwa ya kwanza ilikuwa Houston. Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameharibu magari mengi, na mteja wetu mmoja tajiri wa huko alipoteza kadhaa ya kwake, sasa anatafuta mengine. Kazi yetu ilikuwa kumkagulia, kwa sababu magari yaliyozama yalikuwa yakisafishwa na kurudi sokoni yakinukia vizuri. Nilipewa Camaro moja nyekundu niikague. Nilipitisha sumaku, nilipitisha kiganja, nikafumba macho kwa madaha mbele ya watu, nikatangaza kwamba ni safi. Désiré akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye reli ya kiti, akakitoa kina tope laini la kijivu.

"Mzee," akaninong'oneza, "hii gari imeogelea."

Tukaondoka mpaka Alief, mtaa wa hukohuko Houston, tukaingia kwenye mgahawa wa Wakongo tukala ugali na sombe, yaani kisamvu. Alinilipia yeye. Alisema ni rambirambi.

Ghala la mteja yule wa Houston sijalisahau. Magari yalipangwa mstari, kila moja limefunikwa shuka laini, betri zimetolewa, hewa ya ndani imepozwa. Désiré alimuuliza anayaendesha lini. Mteja akacheka kwa upole, akasema akiyaendesha yanashuka bei. Tulipotoka Désiré alisema, "Mzee, mimi Camry yangu ni nzee, lakini angalau inajua Dallas." Nilimwambia anyamaze, hao ndio wanaotulisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2019 aliletwa kwetu, mtanisamehe, nasema "aliletwa" kwa sababu ndivyo tulivyomwona, Charger ya mwaka 1969, kijani kilichokoza, rangi ya kiwandani, injini yake ileile, na mmiliki mmoja tangu siku ilipotoka dukani. Lupe alipoiona alivua kofia. Mwenyewe aliitwa Bwana Walter, mzee mrefu mkavu, askari wa zamani, mkazi wa upande wa Fort Worth. Mkewe, Bi Marlene, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na binti yao anayeishi jimbo jingine alitaka baba ahamie kwake. Basi gari inauzwa, na mnunuzi ni yule wetu wa Houston. Kazi yetu ilikuwa breki, tangi na mabomba ya mafuta, iwake na itembee. Sharti lilikuwa moja, na Bwana Walter alilitamka mbele yetu sote huku akitutazama usoni mmoja mmoja: bodi tusiiguse. Mnunuzi naye alikuwa amelikubali.

Kwenye ubavu wa nyuma wa kulia, karibu na pembe ya bampa, kulikuwa na mbonyeo. Upana wa sahani, kina cha kidole, na katikati ufa mwembamba wa rangi. Kila nikipita unanitazama. Nikienda kuchota maji unanitazama. Nilianza kupita njia ya kuzunguka, na bado niliuona. Kwa fundi wa bodi, mbonyeo wa namna ile ni mtu aliyekaa mbele yako na kifungo cha shati kimeachia, na wewe umekatazwa kumwambia.

Jumamosi moja nilikuwa peke yangu karakanani. Nikaanza kuzungumza na nafsi yangu, na nafsi yangu siku zote imekuwa wakili mzuri. Nikasema, kugusa bodi ni rangi, ni puti, ni msasa. Mimi nitaingilia ndani, kupitia buti, rangi siigusi. Nikasema mzee wa watu amefiwa, anauza gari yake, apate basi kitu cha kumfurahisha. Nikasema Fundi Mbwana angefanya. Nikalipasha bati moto kwa taa, nikaingiza chuma changu kilichopinda, na kwa kusukuma kidogokidogo, kidogokidogo, mbonyeo ukaanza kurudi. Bati la zile gari lina adabu, ukilibembeleza linakumbuka lilikotoka. Nilipomaliza nilifumba macho nikapitisha kiganja, na hakikukuta kitu. Hata ule ufa wa rangi ulijifunga mpaka ukaonekana kama unywele. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya Mombasa na Marekani. Niliswali adhuhuri nikiwa na furaha ya bwana harusi.

Jumatatu tajiri alikaribia kunikumbatia. Alimpelekea mnunuzi picha, na mnunuzi akaongeza bei palepale bila kuombwa, sharti nalo likasahaulika. Kichwa changu kikavimba, ovaroli ikanibana. Lupe peke yake alipitisha kiganja, kisha akasema, "Kazi nzuri. Nani alikuomba?"

Nikamweleza habari ya Fundi Mbwana na nyongeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifanyia ishara ya msalaba.

Alhamisi Bwana Walter alikuja kuiaga gari yake. Aliizunguka polepole, na alipofika ubavu wa nyuma mkono wake ulitangulia wenyewe, bila yeye kutazama, kama mtu anavyotafuta swichi ya taa nyumbani kwake. Kiganja kikapita. Kikarudi. Kikapita tena. Ndipo akatazama.

"Uko wapi?" akauliza.

Vijana, mimi nilisonga mbele nikiwa nimetoa kifua. Nilijua sasa ndiyo dua inakuja. "Nimeutoa mimi, bwana," nikasema. "Bila malipo."

Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alivuta ndoo akakaa juu yake, akasema, "Hii si gari yangu." Kisha akatuambia. Mbonyeo ule aliupiga Bi Marlene walipokuwa wachanga katika ndoa, akirudisha gari nyuma kutoka nyumbani kwao wenyewe, akagonga nguzo ya sanduku la barua. Tangu alipofariki, Bwana Walter alikuwa akienda gereji kila asubuhi kuweka mkono pale. Nyumba imeshauzwa, nguo zake binti amezigawa. "Kilichobaki kilikuwa pale," akasema, akaonyesha bati lililonyooka tambarare, kazi yangu bora. Akasimama. "Siiuzi hii, wala siichukui. Nirudishieni gari yangu."

Nilinywea. Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini siku ile niliona haya mpaka kwenye vidole. Tajiri alipiga kelele ambazo Désiré alizisikia akiwa barabarani. Mwisho wake ulikuwa mfupi: nirudishe mbonyeo, au nisirudi mimi. Unga wangu ulikuwa umeshaanza kumwagika.

Nyumbani nilitafuta mtu wa kunihurumia. Mama Rukia alikuwa akikuna nazi, hakuinua hata uso.

"Wewe nani alokutuma?" akaniuliza. "Waambiwa usiguse, wagusa. Kiherehere cha nini, Baba Rukia? Hebu fikiri mtu aje anitoe hili kovu la kipajini, akurudishie mke laini. Utafurahi?"

Nikamwambia inategemea na bei. Nilikula wali bila mchuzi.

Kesho yake nilimpigia simu Bwana Walter. Nikamwambia mbonyeo ule naujua kwa moyo, umbo lake, kina chake, ufa wake. Nipe nyundo na doli nitaurudisha mpaka usijue tofauti. "Ukiupiga wewe utakuwa wako," akasema. Kisha akauliza kama nguzo itafaa, maana bado ipo.

Basi Jumamosi tukapeleka gari kwake, Lupe, Désiré na mimi. Nyumba ilikuwa tupu, masanduku yamepangwa barazani. Nguzo ilikuwa bomba la chuma lililosimikwa kwenye saruji ukingoni mwa njia, upande wa kulia wa anayetazama nyumba, bado limeinama kidogo. Bwana Walter alitueleza kwamba yeye siku zote aliingiza gari kinyumenyume, tabia ya jeshini, ili asubuhi atoke na pua mbele. Bi Marlene siku ile alikuwa ameingia na pua, kwa hiyo alitoka na mkia, akikata kona kuelekea kulia. Tukaigeuza gari ikakaa kama alivyoiacha yeye. Mwenye kosa ni mimi, kwa hiyo usukani ukawa wangu. Lupe kwa mazoea akaenda kusimama nyuma, tukambembeleza aondoke, leo tunataka kugonga.

Nikapiga moyo konde, nikatia rivasi. Karibu na nguzo mguu ukakanyaga breki. Nikarudi mwanzo. Mguu ukakanyaga tena. Mara ya tatu nilifumba macho kabisa, na mguu wenyewe, bila ruhusa yangu, ukakanyaga breki. Majirani walishatoka nje na vikombe vya kahawa. Désiré alikuwa ameinama ameshika magoti kwa kicheko.

"Mzee! Siku ya pipa ulikuwa hutaki ukagonga," akapaza sauti, "leo unataka, unashindwa!"

"Toka," Bwana Walter akaniambia.

Akaingia yeye. Alisogeza kiti mbele, alikokaa Marlene, akafunga mlango, akaweka mkono wa kulia nyuma ya kiti cha pili na kugeuza shingo. Gari ikaanza kurudi taratibu, ikikata kona. Nilimwona akiinua kidevu, akishusha, akitafuta kitu. Alipunguza mwendo, akawa kama anayetaka kusimama, na wakati huohuo ukasikika mlio wa bati. Sijui niuelezeje mlio huo kwa mtu aliyeishi kwa kuufuta.

Injini iliendelea kunguruma, mzee hashuki. Tukangoja. Lupe akanisukuma begani, nikaenda dirishani. Bwana Walter alikuwa bado amegeuza shingo, anatazama nyuma.

"Haionekani," akasema.

"Nini, bwana?"

"Nguzo. Kutoka hapa haionekani." Alikuwa akisema na kitambaa cha dari. "Aliniambia hakuiona. Nikamwambia hata kipofu angeiona. Nilimwambia hapa hapa, majirani wamesimama kama hivi. Alinipa funguo, akaingia ndani. Gari hii hakuiendesha tena maisha yake yote, nami sikuwahi kukaa hapa nikatazama."

Nikasema lile nililokuwa nalo. "Mimi niligonga pipa la oili, bwana. Gari kama hii. Siku yangu ya kwanza kazini."

Akageuka kunitazama. "Walikufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu. Lupe alisema nimebatizwa."

Alianza kucheka, na kicheko kikageuka. Akalaza kipaji cha uso juu ya usukani akalia, mzee wa watu, mabega yakimtikisika. Désiré alikuwa ameacha kucheka. Sisi watatu tulitazama viatu vyetu, na mimi nililia vilevile, sioni sababu ya kuficha. Majirani wakarudi ndani mmoja mmoja.

Kwa ajili ya elimu yenu niseme kwamba mbonyeo wa Bwana Walter haukufanana na wa mkewe. Ulikuwa chini mno, na umevuta ukingo wa bampa. Kama fundi niliumia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia naweza kuupandisha kidogo, Lupe akanikanyaga mguu. Bwana Walter aliweka kiganja chake pale, akakiacha kwa muda mrefu, kisha akatupa mkono sote, mimi wa mwisho. Gari hakuiuza. Aliiendesha mwenyewe mpaka kwa binti yake. Tajiri hakunifukuza, lakini aliniadhibu kwa njia yake: kila Charger ya namna ile ilipouzwa mahali popote Marekani, alikuja kunisomea bei kwa sauti.

Mwaka uliofuata korona ikaingia, wateja wakapungua, magoti yakaongeza maneno, nikaaga. Lupe alinipa sumaku yake. Nilikaa nyumbani wiki chache nikinyoosha visivyopinda, mpaka Mama Rukia akaamua kwamba kwa kuwa sasa nina nafasi, nimfundishe kuendesha. Miaka yote hiyo Texas, mahali ambapo hata maziwa hununui bila gari, alikuwa akibebwa na mimi au na binti yetu Rukia, na alikuwa amechoka kuomba.

Tukaenda kwenye uwanja wa kuegesha magari wa msikiti, Richardson, ambao wakati ule ulikuwa mtupu kabisa. Katikati yake kuna nguzo moja ya taa, imesimama kwenye kitako cha saruji kilichopakwa rangi ya manjano. Uwanja mzima, nguzo moja. Mama Rukia akatia rivasi, akaenda nayo moja kwa moja mpaka tukasikia ule mlio.

Nilishuka nikipiga kelele. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa nimejifunza, lakini mdomo wangu hustaafu polepole kuliko magoti. Nilimuuliza kama ana macho. Nilimuuliza uwanja wote huu umempungukia nini mpaka akaitafute nguzo. Yeye alizima injini, akashuka, akaninyooshea funguo.

"Sikuiyona," akasema. "Haya, twende nyumbani. Endesha wewe."

Nilizitazama zile funguo. Kisha nikaingia kwenye kiti chake. Alikuwa amekivuta mbele hata magoti yangu yakagota usukani, sikukirudisha. Nikaweka mkono nyuma ya kiti cha pili, nikageuza shingo nikatazama.

Nguzo ilionekana. Ilionekana yote, tangu kitako cha manjano mpaka taa ya juu, katikati ya kioo.

Nikashuka, nikafunga mlango.

"Haionekani," nikamwambia.

"Si nilikwambia!"

Nikamrudishia funguo, nikaenda kusimama nyuma.